Pamethrini au BBE: Dawa za Kupaka kwa Upele na Chawa

Shule za bweni zinapofungwa, wazazi wengi huja katika duka la dawa ninalohudumu hapa Kisumu wakiwa na mtoto anayejikuna usiku kucha. Kabla ya kugusa rafu, mimi huuliza anajikuna wapi. Vipele vya katikati ya vidole, vifundo vya mikono, kiunoni na sehemu za siri, vinavyowasha zaidi usiku, huashiria upele unaoletwa na utitiri anayechimba ngozi. Kichwa kinachowasha, chenye mayai yaliyogandamana na nywele, ni cha chawa.

Pamethrini hutibu yote mawili, ila si kwa nguvu ile ile. Ya chawa ni ya asilimia 1, nayo hukaa kwenye nywele zilizooshwa kwa dakika 10 tu, kisha hurudiwa siku ya 9, mayai yaliyosalimika yakiwa yameanguliwa. Ya upele ni ya asilimia 5, hupakwa kuanzia shingoni hadi nyayo, chini ya kucha pia, na kuachwa saa 8 hadi 14, kisha hurudiwa baada ya wiki moja au mbili. Hapa ndipo tiba nyingi huharibikia: mtu hupaka jioni, akanawa mikono ale ugali, akalala bila kuipaka tena, ilhali vidoleni ndiko utitiri hupenda kukaa.

BBE, yaani dawa ya majimaji ya benzyl benzoate, ya asilimia 25 nayo inafanya kazi kwa upele, na kwa mtoto huzimuliwa kwa maji. Shida yake ni kwamba huchoma ngozi iliyochubuka, na mtoto aliyelia mara ya kwanza hakubali kupakwa tena. Kwa hiyo, mfuko ukiruhusu, mimi huchagua pamethrini. Kwa mtoto mwenye upele wa chini ya miezi 2 hutumika mafuta ya salfa, usiku 3 mfululizo, licha ya harufu yake. Dawa ya kuogeshea ng'ombe isiguse kabisa ngozi ya mtu, ni sumu.

Kwa upele, wote wa nyumba moja wapakwe siku hiyo hiyo, hata asiyewashwa, kwa sababu anayeambukizwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 kabla ya kuhisi lolote. Mashuka na nguo vifuliwe kwa maji moto. Mwasho unaweza kuendelea hadi wiki 4 ingawa utitiri wamekufa, basi msipake kila siku. Vipele vipya vikizuka baada ya hapo, au usaha ukitokea wakati wowote, mpelekeni mgonjwa hospitalini.