Aneurisimu ya ubongo: picha inasema nini kuhusu hatari ya kupasuka

Aneurisimu ya ubongo ni sehemu ya ateri iliyotuna kwa nje baada ya ukuta wake kudhoofika, kama tyubu ya baiskeli inavyotoa kinundu pale mpira ulipochoka. Hutokea zaidi chini ya ubongo, pale ateri zinapogawanyika matawi na damu kuugonga ukuta kwa nguvu. Inakadiriwa kwamba watu wazima 3 hivi katika kila 100 wanayo, na wengi watazeeka nayo bila kujua. Ikipasuka, damu huvuja kuuzunguka ubongo, na karibu mtu mmoja kati ya watatu hufariki.

Nyingi hugunduliwa kwa bahati: mtu kapigwa MRI (picha ya sumaku) kwa sababu ya kizunguzungu, majibu yanarudi na maneno "aneurisimu ya milimita 5". Hapo ndipo kazi ya kupima hatari inapoanza, na picha ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya hesabu.

CT scan ya kawaida (eksirei za kompyuta), isiyo na dawa ya kuonyesha mishipa, huonyesha vizuri damu iliyokwisha kumwagika, lakini aneurisimu ndogo isiyopasuka inaweza kuipita. Ili mishipa ionekane, hudungwa dawa ya kontrasti mkononi, kisha CT inapigwa dawa ikiwa inapita kichwani. MRI ya mishipa inaweza kufanyika bila dawa wala mionzi, ndiyo maana inapendwa kwa wanaofuatiliwa miaka mingi. Kipimo cha kina zaidi ni angiografia ya katheta: mrija mwembamba unapitishwa kinenani au kwenye kifundo cha mkono hadi kwenye mishipa ya shingo, dawa inamwagwa, eksirei zinapigwa mfululizo. Daktari Mreno Egas Moniz alianzisha angiografia ya ubongo Lisbon mwaka 1927. Kwa kuwa mrija wenyewe unaweza, mara chache, kusababisha kiharusi, mtu hapelekwi huko kwa udadisi tu.

Ukubwa ndio unaotangulia kuangaliwa. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa kwenye ateri za mbele, aneurisimu za milimita 7 hadi 12 zilipasuka kwa asilimia 2.6 ndani ya miaka 5, na zile za milimita 25 au zaidi kwa asilimia 40. Lakini mahali pia pana uzito. Milimita zile zile 7 hadi 12 zikiwa nyuma ya ubongo, au kwenye ateri inayounganisha mzunguko wa mbele na wa nyuma, asilimia ilipanda hadi 14.5. Umbo nalo linasema: yenye kinundu kingine juu yake inatia shaka kuliko ya duara laini, na utafiti mkubwa wa Japani wa mwaka 2012 uliliona hilo waziwazi.

Madaktari wengi hukusanya mambo haya kwa alama za PHASES, zilizotolewa mwaka 2014: asili ya mtu, presha, umri, ukubwa, kama aliwahi kutokwa damu kutoka aneurisimu nyingine, na mahali ilipo. Chukua mama wa miaka 58 mwenye presha, aneurisimu ya milimita 5 kwenye ateri ya kati ya ubongo. Presha inampa alama 1, mahali 2, ukubwa 0. Jumla 3, sawa na hatari ya asilimia 0.7 kwa miaka 5. Ingekuwa milimita 8 kwenye ile ateri ya kuunganisha, angefika alama 8 na asilimia 3.2. Namba hizo hupimwa dhidi ya hatari ya tiba yenyewe, iwe ni kubana shingo ya aneurisimu kwa klipu au kuijaza koili (nyuzi laini za chuma), kwa maana tiba nayo inaweza kuleta kiharusi.

Msomaji wa huku kwetu ana haki ya kuuliza: hesabu hiyo ilitokana na nani? Ni wagonjwa wa Ulaya, Amerika Kaskazini na Japani. Wafini na Wajapani wana alama zao za nyongeza. Mwafrika hana mstari wake. Binafsi ningeichukua asilimia ile kama makadirio, nisiishike kama ahadi.

Kinachonishawishi zaidi kuliko picha moja ni picha mbili. Aneurisimu iliyokua kati ya kipimo na kipimo ni ya kuogopwa hata ikiwa bado ndogo. Lakini milimita 1 ni kitu kidogo sana: ukilinganisha CT ya mwaka jana na MRI ya leo, tofauti inaweza kuwa ya mashine tu. Ni vyema kurudia kipimo cha aina ile ile, na kwenda na CD ya picha za zamani, si karatasi ya majibu peke yake.

Zipo pia MRI zinazoangalia ukuta wenyewe. Ukuta unaong'aa baada ya dawa huenda una inflamesheni, yaani umevimba kama kidonda kinavyovimba. Kompyuta nazo hukokotoa jinsi damu inavyousugua ukuta. Hizi bado ni nyongeza, hazijatosha kuamua peke yake.

Kope ikilegea ghafla na mboni ya jicho hilo kupanuka, au kichwa kikipasuka kwa maumivu yanayofika kileleni ndani ya dakika moja, suala la alama limekwisha: ni hospitali saa hiyo hiyo, na CT isiyo na dawa ndiyo ya kwanza.