Je, wajua aliyetobolewa ubongo na mtaimbo alirudi kazini?

Kwa miaka mingi nilimsimulia Phineas Gage kama anavyosimuliwa kila mahali. Alikuwa mnyapara wa ujenzi wa reli huko Vermont, Marekani. Septemba 13, 1848 baruti ililipuka, mtaimbo wa kilo 6 wenye urefu wa mita 1 na ushee ukamwingia chini ya mfupa wa shavu la kushoto na kutokea utosini. Akapona, ila akabaki mtukanaji na mzururaji asiyefaa kwa lolote mpaka kufa.

Hapo mwisho ndipo nilipochemsha. Daktari wake, John Harlow, aliandika kweli kwamba rafiki zake walimwona "si Gage tena", na waliomwajiri awali walikataa kumrudisha. Lakini hayo ni ya siku za mwanzo. Wasimulizi waliofuata wakayavuta yakafunika maisha yake yote, wengine wakamtwika na ulevi ambao Harlow hakuutaja. Kumbe mwaka 1852 Gage alikwenda Chile, akatunza farasi na kuendesha magari ya abiria kwa takriban miaka 7. Gari lenye mzigo mzito, farasi sita mbele! Hiyo si kazi ya kumpa mtu asiyejimudu.

Aliwezaje? Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayopanga: tuanze na lipi, lifuate lipi, tukomee wapi. Ikiumia, mikono bado inaijua kazi. Anayekosekana ni mnyapara. Sasa itazame siku ya dereva: kulisha farasi, kuwafunga hatamu, kupakia mizigo, kuondoka saa ileile, kushika njia ileile. Ratiba inakuwa mnyapara wa nje. Ni kama mmea utambaao: wenyewe hausimami, ukichomekewa mti unapanda.

Hoja hii ni ya mtafiti Malcolm Macmillan, na ushahidi wake ni mwembamba, sehemu kubwa ni mistari michache ya Harlow. Hata hivyo, watu walioumia ubongo wanaorejeshwa kazini leo husaidiwa vivyo hivyo: hatua zimeandikwa ukutani, msaidizi yuko pembeni, naye hujiondoa kidogo kidogo.

Mwaka 1859 Gage alirudi kwa mama yake California, mgonjwa. Kifafa kikaanza, akawa anahama shamba hadi shamba, haridhiki na kazi yoyote. Alifariki Mei 1860. Ule uzururaji maarufu, kwa sehemu kubwa, ni wa miezi hiyo michache.