Zile stima za magurudumu za mto Murray hazikuundwa kwa ajili ya watalii

Watu wengi wakiona picha ya stima ya zamani yenye magurudumu ya kupiga maji ubavuni kule Echuca, mji wa bandari kwenye mto Murray, Australia, wanaamini iliundwa kubeba wageni wakipunga upepo, na si ajabu kuamini hivo maana leo ndo kazi tunayoziona zikifanya.

Ila nyingi zilikua za mzigo. PS Adelaide mfano (PS ni paddle steamer, yaani stima ya magurudumu), ya mbao, iliundwa hapohapo Echuca mwaka 1866, ilianza kwa kuvuta matishari ya sufu, baadae ikavuta magogo kupeleka kiwanda cha mbao kwa miaka mingi sana. Reli toka Melbourne ilifika Echuca 1864, kwahiyo marobota ya sufu yalisafirishwa kwa mto toka mashamba ya mbali mpaka gatini, pale yanapakiwa kwenye treni. Boila inakula kuni za mkaratusi wa kingo za mto, so njiani lazima usimame upakie tena, na maji yakipungua unakwama kwenye matope hata miezi, unasubiri mvua. Kazi ngumu kwelikweli, mi naona inastahili kukumbukwa hivo.

Kujihakikishia, tafuta picha za zamani za gati ya Echuca kwenye makavazi ya mtandaoni, angalia sitahani kuna nini, utaona marobota yamepangwa juu ya mengine. Alafu linganisha mwaka wa picha na mwaka chombo kilipoundwa, maana picha nyingi zinazozunguka ni za baada ya ukarabati.