Je, wajua kwa nini unapigwa risasi ukiwa ushajificha nyuma ya ukuta?

Umetokea kwenye kona, jamaa kakuona, kaanza kumimina risasi, we ukageuka fasta ukarudi nyuma ya ukuta, mwili mzima umeingia kabisa, halafu ndo unaanguka. Hapo wengi wanaanza kutukana, huyu anachiti, risasi zake zinapita ukutani. Kisha yanakuja yale marudio ya kifo, ile video fupi inayokuonyesha tukio kwa macho ya aliyekuua, na humo unajiona uko nje peupe, wala hata hujaanza kugeuka vizuri. Sasa nani muongo? Hakuna. We kweli ulikuwa nyuma ya ukuta na yeye kweli alikuona nje, kwa sababu kwenye hizi gemu za vita za mtandaoni, iwe Call of Duty, Battlefield au Counter-Strike, hakuna wachezaji wawili wanaoangalia muda uleule.

Iko hivi. Mashine yako haiongei moja kwa moja na ya adui, kila mtu anatuma alichobonyeza kwa seva, yaani kompyuta kuu inayoendesha mechi, seva ndo inaamua nani kapigwa na nani kapona, halafu inawarudishia wote majibu. Safari hiyo ya kwenda na kurudi ndo pingi, ile namba ya milisekunde inayokaa pembeni ya skrini. Na haiwezi kuwa sifuri hata ulipie intaneti ya bei gani, maana mwanga wenyewe ndani ya waya wa fiba unakimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo seva ikiwa umbali wa kilomita 3,000 ushapoteza milisekunde 30 kwenda na kurudi kabla hujahesabu waya unavyozunguka, vifaa vya njiani na waifai yako inayopita kuta tatu.

Zamani hali ilikuwa mbaya zaidi. Gemu ya risasi ya Quake ilipotoka 1996, ukicheza kwa intaneti ya simu ya mezani unabonyeza kwenda mbele halafu unasubiri, amri iende kwa seva, jibu lirudi, ndo mguu unyanyuke. Mwaka huohuo John Carmack, mmoja wa waandishi wa programu ya Quake, akaleta toleo la QuakeWorld lenye ujanja ambao hadi leo unatumika: mashine yako haisubiri tena, inakisia seva itasema nini na inakusogeza papo hapo, na ikikosea inakurekebisha (ukiona umerudishwa nyuma ghafla kama umevutwa na kamba, hapo ndo umerekebishwa). Ila ujanja huu unafanya kazi kwa mwili wako tu. Maadui hauwezi kuwakisia vizuri, hujui watabonyeza nini, kwa hiyo wao unawaona kwa habari zilizotumwa na seva muda kidogo uliopita, na juu ya hapo gemu inazichelewesha tena makusudi ili iunganishe nafasi moja na nyingine, wasionekane wanarukaruka. Kwenye Source, programu ya msingi ya gemu za Valve, kampuni yenye Counter-Strike, ucheleweshaji huo kwa kawaida ulikuwa milisekunde 100. Yaani skrini moja, nyakati mbili, wewe uko sasa hivi na adui yuko zamani kidogo.

Hapo ndo tatizo la kulenga linapozaliwa. Kama adui unayemuona ni wa zamani, ukimlenga kichwani sawasawa utakosa, maana kwa seva ashahama. Wachezaji wa zamani walijifunza kupiga hewa mbele ya mtu kulingana na pingi ya siku hiyo, kitu cha kuudhi kweli. Mwaka 2001 mhandisi wa Valve, Yahn Bernier, akaeleza hadharani njia waliyotumia kwenye Half-Life na Counter-Strike: seva inatunza kumbukumbu ya kila mtu alikuwa wapi kwa muda mfupi uliopita, risasi yako ikifika haiangalii watu walipo sasa, inarudisha saa nyuma hadi picha ileile uliyokuwa unaiona wakati unafyatua, ndo inapima kama ulimgusa. Ni VAR kabisa, refa anarudisha mkanda hadi mpira unapotoka mguuni. Na mkanda ukionyesha ulikuwa nje ya ukuta, umekufa, hata kama kwa sasa ushafika salama.

Tupige hesabu kidogo. Pingi yako 40, ya mwenzako 80, na gemu inachelewesha picha za maadui kwa 50. Unatokea kwenye kona, habari inachukua 20 kufika kwa seva, 40 kumfikia yeye, 50 kabla haijachorwa kwenye skrini yake, anafyatua, risasi inachukua 40 kurudi kwa seva, na hukumu inachukua 20 kukufikia wewe. Jumla 170. Ukiwa unakimbia mita 6 kwa sekunde, ndani ya muda huo umesogea mita moja nzima, na mita moja inatosha kabisa kumtoa mtu kwenye kona hadi nyuma ya ukuta.

Sasa mbona wasimpendelee anayejificha? Mi naona walichagua sawa. Kulenga ni kitu unachokiona kwa macho yako, doa la kulengea liko kifuani kwa mtu, umefyatua, damu haitoki, utaacha kucheza siku hiyohiyo. Kufa hatua moja baada ya ukuta kunaumiza ila hakutokei kila dakika. Shida ni kwamba mwenye pingi mbovu naye anarudishiwa saa, na kadiri pingi yake inavyopanda ndo anavyowapiga watu ambao washapita zamani, kwa hiyo gemu zinaweka kikomo cha kurudisha nyuma. Kwenye Source kikomo cha kawaida kilikuwa sekunde moja, kingi hicho jamani.

Halafu kuna seva yenyewe inafikiri mara ngapi kwa sekunde, wachezaji wanaita tiki. Counter-Strike: Global Offensive ilikuwa na 64 kwenye seva zake rasmi, Valorant ikaja 2020 na 128, na Counter-Strike 2 ya 2023 ikajaribu njia nyingine ya kuandika muda halisi ulipobonyeza hata kama umeangukia katikati ya tiki mbili. Battlefield 4 ya 2013 ilisemwa sana kwa habari zake kuchelewa, baadaye seva za wanaochezea kwenye kompyuta zikapandishwa hadi tiki 60 na zaidi na kelele zikapungua. Ila tofauti ya 64 na 128 ni kama milisekunde 8 tu, watu wanaililia kuliko inavyostahili, umbali wa seva unakula nyingi zaidi. Afadhali kulilia mambo kama ya Call of Duty: Modern Warfare 2 ya 2009, humo mashine ya mchezaji mmoja ndo iligeuka seva, na huyo bwana pingi yake ni sifuri, anawaona wenzake kabla hawajamuona.

Kingine ambacho wengi hawakijui, mwenye kulinda kona yuko hasarani. Anayejitokeza anakuona papo hapo kwa sababu we umetulia, picha yako ya zamani na ya sasa ni ileile, ila wewe unayelinda unasubiri habari za kutokea kwake zisafiri. Kwa hiyo yule anayekimbiakimbia hovyo na kushinda siyo lazima awe na kipaji, kapewa muda wa bure. Ukilinda, usikae palepale ulipoonekana mara ya mwisho, sogea, mlazimishe akutafute kwanza.

Na zile za kuuana wote wawili kwa mpigo? Hutokea sana kwenye Battlefield kwa sababu risasi zake zina mwendo, ikishatoka inaendelea hata aliyeipiga akianguka. Kwenye gemu ambazo risasi inafika papo hapo, amri iliyofika kwanza kwa seva inashinda na ya pili inatupwa, maana imetoka kwa mtu ambaye seva inamhesabu ni maiti. Ndo maana kuna siku unaapa kwamba ulifyatua, mlio uliusikia na moto wa bunduki uliuona, halafu jamaa hana hata mkwaruzo.