Uwiano wa kalori kwa kijana anayekua: maana yake

Uwiano wa kalori ni uhusiano kati ya nguvu ambayo mwili unaipata katika chakula na vinywaji, na nguvu ambayo mwili huo unaitumia. Kwa mtu mzima maelezo yanaweza kuishia hapo: akila zaidi ya anavyotumia, ziada inageuka mafuta, akila pungufu, mwili unachota akiba yake. Kwa mtoto wa miaka 13 au 16 maelezo hayo hayatoshi, kwa sababu mwili wake una kazi nyengine kubwa ya kulipia, nayo ni kukua.

Kalori yenyewe ni kipimo tu. Ile inayoandikwa "kcal" kwenye pakiti ya biskuti ni kiasi cha joto kinachotosha kupandisha jotoridi la kilo 1 ya maji kwa nyuzi 1 ya selisiasi. Gramu 1 ya wanga au ya protini hutoa kalori 4, na gramu 1 ya mafuta hutoa 9. Tofauti hiyo ya 4 na 9 inaeleza mengi kuhusu vyakula vyetu. Gramu 100 za mbatata za kuchemsha hazifiki kalori 90. Gramu 100 za chipsi zinafika kama 300, maana kwenye karai maji yamekauka na mafuta yameingia mahali pake.

Chukua bakuli la urojo. Rojo lenyewe, la unga, ukwaju au embe na manjano, si zito kwa kalori. Mbatata za kuchemsha ni chakula kizuri, yai ni zuri zaidi. Mafuta yanakuja na bajia, kachori na ule muhogo wa kukaanga unaonyunyizwa juu, kwa hiyo mabakuli mawili ya muuzaji mmoja yanaweza kutofautiana sana. Simkatazi mtoto urojo. Amwambie muuzaji azidishe mbatata na yai, apunguze vya kukaanga.

Sukari ndiyo inayopita bila kuonekana. Kijiko cha chai cha sukari ni kama gramu 4, yaani kalori 16. Anayetia vijiko 4 kwenye kikombe, akanywa vikombe 3 kwa siku, ameshakula gramu 48. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isifike sehemu 1 kwa 10 ya kalori za siku. Kwa anayehitaji kalori 2,000 hizo ni gramu 50. Chai peke yake imeshamaliza karibu yote, na bado hajanunua soda, ambayo mililita 350 zake zina kalori kama 140.

Sasa upande wa matumizi. Sehemu kubwa ya nguvu haitumiki uwanjani. Inatumika kuendesha moyo, mapafu na ubongo, hata mtu akiwa amelala. Juu yake kuna harakati za siku, na kwa kijana kuna mifupa inayorefuka, misuli inayojengeka na damu inayoongezeka. Wasichana wengi hurefuka kwa kasi zaidi karibu na miaka 12, wavulana karibu na 14. Kwa makadirio ya jumla, msichana wa miaka 14 hadi 18 anahitaji kalori 1,800 hadi 2,400 kwa siku, na mvulana 2,000 hadi 3,200, kutegemea mwili wake na anavyojishughulisha. Kwa hiyo mvulana anayemaliza boflo zima na bado akatazama sahani ya mwenzake si mlafi. Ana njaa ya kweli.

Na msichana anayeanza kujaa nyonga hajanenepa vibaya, amebalehe. Hapa ndipo naona tunakosea sana majumbani. Shangazi mmoja akisema "mbona umenona hivyo" mbele za watu, mtoto anaanza kuacha chai ya asubuhi, kisha chakula cha mchana, na hakuna anayejua. Akila pungufu kwa muda mrefu hedhi inaweza kuvurugika au kukatika, mifupa ikakosa uimara wake, na upungufu wa damu ukamzidi, kwani madini ya chuma anayoyapoteza kila mwezi hayarudi kwa chai na mkate. Yanarudi kwa samaki, nyama, maharage na mboga za majani.

Kwa umri wa miaka 5 hadi 17, Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa dakika 60 za harakati kila siku zinazomfanya mtoto aheme, na angalau siku 3 kwa wiki ziwe za kutia nguvu misuli na mifupa. Mtoto wa Pemba anayekwenda skuli kwa miguu, akateka maji, na msimu ukifika akachuma karafuu, mara nyingi amezipata bila kuhesabu. Wa mjini anayepanda daladala kwenda na kurudi, akatoka chuo cha Kurani akakaa na simu, hajazipata.

Halafu kuna jambo la jinsia. Alasiri wavulana wanajaa kwenye uwanja wa Maisara mjini Unguja, na pwani maji yakitoka, na saa moja ya mpira humtumia kijana wa kilo 50 kama kalori 350. Dada zao wa umri huohuo wamesharudishwa ndani. Kupiga deki na kufua kwa mkono ni harakati, zihesabiwe. Ila mifupa inataka kuruka na kukimbia, na kamba au rede uani kwa nusu saa inaifanya kazi hiyo bila kuhitaji uwanja wala sare. Mazoezi ya kitaifa ya Zanzibar ya tarehe 1 Januari ni mazuri, lakini binti anahitaji nafasi hiyo wiki nzima.

Uwiano huu haupimwi kwa siku moja. Biriani ya harusi au halua ya Idi haiharibu kitu. Mwili unaangalia wiki na miezi. Ramadhani pia ni hivyo: tatizo huwa ni mwezi mzima wa sharubati na vya kukaanga wakati wa futari, daku kurukwa, na mchana wote kulala. Wala mtoto asiambiwe akimbie ili "alipie" alichokula. Atakichukia chakula, na mchezo pia.

Ukiwa na wasiwasi na uzito wake, kituo cha afya watampima uzito na urefu, kisha watasoma matokeo kwenye jedwali la umri na jinsia yake. Namba za watu wazima hazimhusu mpaka atimize miaka 19.