Je, kurudisha toleo la zamani la programu hurudisha na mipangilio yako?

Wengi huamini kwamba toleo jipya la programu likiwasumbua, kuliondoa na kuweka la zamani kutarudisha kila kitu kilivyokuwa. Imani hiyo ina mantiki, kwani programu yenyewe hurudi kweli.

Mipangilio ndiyo haifuati njia hiyo, kwa sababu kwa kawaida hukaa kwenye folda yake, mbali na programu. Chukua Firefox, kivinjari cha intaneti. Ukiiondoa kwenye kompyuta, vialamisho (kurasa ulizohifadhi) na nywila kwa kawaida hubaki kwenye folda ya wasifu, yaani folda inayotunza vitu vyako binafsi. Toleo jipya likifunguliwa linaweza kuibadilisha folda hiyo, na la zamani lisiweze kuisoma vizuri. Tangu toleo la 67, la mwaka 2019, Firefox ya zamani ikikuta wasifu uliotumiwa na toleo jipya zaidi hukataa kuufungua, ikupendekezee kuanza na mpya, mtupu. Hapo ndipo watu hudhani vitu vyao vimefutwa, kumbe vipo.

Blender, programu ya kutengeneza picha za 3D, hufanya tofauti: kila toleo lina folda yake, nawe huulizwa kama unataka kuhamisha mipangilio ya awali. Utaratibu wa kiungwana, kwa maoni yangu.

Kuhakikisha ni rahisi. Andika about:profiles kwenye sehemu ya anwani ya Firefox, uone folda ilipo. Funga programu kabisa, kisha nakili folda nzima kabla ya kubadilisha toleo. Nakala hiyo ina nywila zako, kwa hiyo usiiache kwenye flashi ya kuazimana.