Kulowea kwa spishi: kisa cha chaza wa Pasifiki katika maji ya Ulaya

Mtu akihamia mji usio wake, akakaa, akazaa, hata wajukuu wake wakawa hawajui kwingine, tunasema amelowea. Sijapata neno linalofaa kuliko hilo kwa jambo ambalo wanabiolojia hulieleza kwa sentensi ndefu: kiumbe kilichopelekwa na binadamu mahali ambapo hakikuwapo, kisha kikaweza kuzaliana chenyewe kizazi baada ya kizazi, bila kuletewa wenzake wapya kutoka nje. Kabla ya kufikia hapo ni mgeni tu. Anaweza kuwa mgeni mnene, mwenye afya, aliyeishi miaka kumi, lakini siku akifa ukoo wake umekatika.

Wengi huchanganya kulowea na kuvamia. Spishi vamizi ni ile iliyolowea, ikasambaa, kisha ikaanza kuwadhuru wenyeji wake au kazi za watu. Ziko spishi nyingi zilizolowea na kutulia. Kwa hiyo kulowea ni hatua ya katikati, na ndiyo hatua ambayo watu hushindwa kuiona inapotokea. Chaza wa Pasifiki anatuonyesha kwa nini.

Kwa jina la kisayansi anaitwa Magallana gigas. Vitabu vya zamani kidogo vinamwita Crassostrea gigas. Kwao ni Japani, Korea na pwani za jirani. Gamba lake ni refu, lina mikunjo, na kingo zake hukata kama wembe. Akiachwa aishi hupita sentimita 20. Anayeishi pwani ya Afrika Mashariki anamjua ndugu yake mdogo, chaza wa mwambani, yule anayeng'ang'ania mawe na mizizi ya mikoko. Huyo ni mwenyeji wetu na hayumo katika kisa hiki.

Uholanzi ilikuwa na chaza wake wa asili, mwenye gamba bapa la mviringo, aliyefugwa kwa vizazi katika mkono wa bahari uitwao Oosterschelde. Baridi kali ya mwaka 1962 kuingia 1963 iliwaua karibu wote. Wafugaji waliobaki na maeneo matupu wakamleta chaza wa Pasifiki mwaka 1964. Hofu ya kwamba angeenea haikuwa kubwa, kwa sababu hesabu ilionekana wazi: maji ya kule ni ya baridi mno kwake kuzaa. Atanenepa, atavunwa, wataletwa wengine.

Nusu ya hesabu hiyo ilikuwa sahihi, na hapo ndipo penye somo lote. Kukua ni jambo moja na kuzaa ni jingine, na kila moja lina kiwango chake cha joto.

Ili akue, chaza huyu hahitaji mengi. Hustahimili maji yanayokaribia kuganda na yanayofikia nyuzi joto 35, na huvumilia chumvi kupanda na kushuka kama inavyotokea mahali mto unapoingia baharini. Hufungua gamba, huvuta maji kwa matamvua yake, huchuja vijimea vidogo mno vinavyoelea, na kutema yaliyobaki. Chaza mzima hupitisha lita kadhaa kwa saa. Kasi ya kukua hutegemea zaidi chakula na muda anaokaa ndani ya maji. Kwenye kisiwa cha Sylt, kaskazini mwa Ujerumani, watafiti walikuta kwamba vichanga walioishi sehemu inayoachwa wazi maji yanapokupwa hufikia kama sentimita 3 katika mwaka wa kwanza, ilhali wenzao waliozama wakati wote hufikia zaidi ya 5. Bahari ni ileile, tofauti ni saa za kula tu.

Kuzaa ni habari nyingine. Wakati wa baridi chaza hujiwekea akiba ya wanga mwilini. Maji yakianza kupata joto, kama kuanzia nyuzi 10 hivi, akiba ile huanza kugeuzwa kuwa mayai au mbegu za kiume, na kadiri majira yanavyosonga mwili hujaa weupe kama maziwa. Wengi huanza maisha wakiwa madume na baadaye kugeuka majike. Wapo pia wanaorudi udume mwaka wa shida. Ninavyoelewa mimi kuna busara ya kimaumbile hapo, maana mbegu ni rahisi kutengeneza na mayai ni ghali, hivyo mdogo na mwenye njaa hufanya lililo rahisi.

Lakini kujaa hakutoshi. Maji yanapofika nyuzi 20 hivi, mara chache chini ya 18, ndipo wanapomwaga. Dume hutoa mbegu kama uzi wa moshi usiokatika. Jike hupigapiga gamba na kurusha mayai kwa mafungu. Mbegu za mmoja zikiwafikia jirani zake, nao huchochewa wamwage, na muda si mrefu maji juu ya mwamba mzima hugeuka kuwa kama yametiwa maziwa. Jike mkubwa humwaga mayai kati ya milioni 50 na 200 kwa mkupuo mmoja, kila yai likiwa na upana wa sehemu moja ya ishirini ya milimita. Yai na mbegu hukutana nje, ndani ya maji, kwa hiyo chaza wawili waliotengana mbali ni kama hawapo. Chaza bapa wa Ulaya hafanyi hivyo: yeye hulea watoto wake ndani ya gamba kwa siku kadhaa kabla ya kuwaachia.

Yai lililorutubishwa huwa mtoto anayeogelea ndani ya siku moja au mbili, mwenye gamba dogo lenye umbo la herufi D na vinyweleo vya kumsogeza. Huyu huitwa lava. Huelea wiki mbili hadi nne akila vijimea vidogo kuliko yeye, na hapa joto linarudi kuamua tena: maji yakiwa ya vuguvugu hukua haraka na kumaliza safari, yakipoa hukawia, na kila siku ya ziada ni siku nyingine ya kuliwa au kusombwa mbali. Akifikia theluthi moja ya milimita hivi hupata doa la jicho na mguu mdogo. Hutambaa juu ya kitu kigumu, akipapasa. Akiridhika hutoa gundi, huligandisha gamba lake pale, hupoteza mguu na jicho, na hatahama tena maisha yake yote. Kati ya mamilioni yale, wanaofika hapa ni wachache mno. Mahali anapopenda kupita pote ni juu ya gamba la chaza mwingine.

Sasa turudi Oosterschelde. Chaza walioletwa walikaa zaidi ya miaka kumi wakikua vizuri, na kila kiangazi kilichopita bila watoto kilionekana kuthibitisha kwamba hesabu ilikuwa sawa. Kisha vikaja viangazi vya joto vya 1975 na 1976. Maji yalipanda na kubaki juu kwa muda wa kutosha, na vichanga wakaonekana nje ya maeneo ya ufugaji, wakiwa wamejigandisha kwenye kuta za mawe na makombe matupu. Kilichosahaulika ni umri. Kiumbe anayeweza kuishi miaka 20 au zaidi hahitaji kiangazi kizuri kila mwaka, anaweza kukisubiri. Wastani wa joto ulisema hapana, lakini chaza hazai kwa wastani. Huzaa kwa wiki chache za mwaka mmoja mahsusi.

Hadithi ikajirudia kaskazini. Mwaka 1983 wakaonekana porini karibu na kisiwa cha Texel, kwenye Bahari ya Wadden, ile bahari ya kina kifupi inayopakana na pwani za Uholanzi, Ujerumani na Denmark. Huko Sylt ufugaji ulianza 1986, na mwaka 1991 chaza wa kwanza waliotua wenyewe wakakutwa juu ya kichanja cha kome, yaani tandiko la kome walioshikamana, mbali na shamba. Kwa miaka kumi walibaki wachache. Baada ya 2000 vikafuatana viangazi kadhaa vya joto, na kufikia 2007 palikuwa na sehemu zenye zaidi ya chaza elfu moja katika mita moja ya mraba.

Watu waliogopa kwamba kome wangekwisha, na hofu hiyo ilikuwa na msingi, kwa kuwa vichanja vyao ndivyo vilivyofunikwa. Lakini kome hawakwisha. Walijipenyeza chini, katikati ya chaza waliosimama wima, mahali ambapo kaa na ndege hawawafikii kwa urahisi. Hula pungufu na hawanenepi sana, lakini wapo. Waliopata hasara ya wazi ni ndege waliozoea kuokota kome juu juu, na watu waliozoea kutembea pekupeku kwenye tope maji yakipwa.

Tofauti ya viwango viwili huonekana pia Afrika. Namibia chaza huyuhuyu hufugwa Walvis Bay na Lüderitz, ambako mkondo baridi wa Benguela huleta chakula tele. Hukua kwa kasi ya kupendeza, lakini mfugaji hununua vichanga waliototoleshwa kwenye vituo. Huyo bado ni mgeni. Afrika Kusini, ambako majaribio ya kumfuga yalianza Knysna miaka ya 1950, wamekutwa wakiishi porini kwenye midomo michache ya mito ya pwani ya kusini.

Wapo wafugaji wanaokata mzizi wa tatizo kwa kufuga chaza wenye seti tatu za kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) badala ya mbili, yaani 30 badala ya 20. Hawa karibu wote ni tasa. Akiba yao haiendi kwenye mayai, hivyo hukua haraka na nyama yao haiwi ya maziwamaziwa wakati wa kiangazi. Ni njia nzuri kwa maji ambayo chaza hajalowea bado. Kwa Wadden ilikwisha chelewa.

Na kwamba amelowea kweli kulithibitishwa na baridi ya 2009 kuingia 2010. Barafu iliua sehemu kubwa ya chaza wa Sylt, na hakuna aliyewarudishia wengine baharini. Makombe ya waliokufa yalibaki yameshikamana palepale, wazi na magumu. Katika miaka iliyofuata waliosalia wakamwaga, lava wakaelea, na vichanga wapya wakatua juu ya makombe hayo.